Shaaban Robert na Mkutano wa Makerere wa 1962

Mwezi wa Juni 1962, miezi michache kabla ya Uganda kupata uhuru wake, walikutana katika Chuo cha Makerere waandishi ambao wengi wao walikuwa hawajapata kuonana ana kwa ana. Kutoka Nigeria walifika Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark. Kutoka Afrika Kusini walikuwapo Ezekiel Mphahlele, Lewis Nkosi na Bloke Modisane, wote watatu wakiishi uhamishoni. Langston Hughes alivuka bahari kutoka Marekani. Miongoni mwa wenyeji wa Afrika Mashariki walikuwamo Grace Ogot, Rebeka Njau, Jonathan Kariara, na mwanafunzi mmoja wa chuo hicho aliyeitwa James Ngugi, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mkutano huo umeandikiwa mengi, na hapana haja ya kuyarudia yote. Nia ya makala haya ni kulitazama upya jambo moja lijulikanalo sana, nalo ni kutokuwapo kwa Shaaban Robert. Lijulikanalo sana, twasema, lakini kwa maoni yetu halijaelezwa ipasavyo. Desturi imekuwa kusema kwamba Shaaban Robert alisahauliwa. Ushahidi unaonyesha kwamba hakusahauliwa hata kidogo.

Tuanze na jina la mkutano wenyewe. Waandaaji, yaani shirika la Congress for Cultural Freedom lililokuwa na makao yake Paris, wakishirikiana na klabu ya Mbari ya Ibadan, waliuita mkutano wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. (Baadaye, katika miaka ya 1966 na 1967, ilifichuka kwamba shirika hilo lilikuwa likipokea fedha za idara ya ujasusi ya Marekani. Habari hiyo ina uzito wake, ila wako waliovutwa nayo hata wakaacha kuuliza swali la lugha, ambalo halikuhitaji jasusi yeyote ili lizuke.) Sharti la kuingia liliandikwa mlangoni. Mtu aliyetunga kwa Kiswahili, Kiyoruba, Kizulu au Kiganda alikuwa nje hata kabla ya majina kuorodheshwa. D. O. Fagunwa, ambaye riwaya yake ya kwanza ya Kiyoruba ilitoka mwaka 1938, alikuwa hai, naye pia hakuwa na nafasi.

La ajabu ni kwamba swali lililowashughulisha mno wajumbe lilikuwa hili: fasihi ya Kiafrika ni nini? Je, ni ile iandikwayo na Mwafrika, hata akiandika juu ya nchi nyingine? Au ni ile ihusuyo Afrika, hata ikiandikwa na mgeni? Walibishana kwa bidii na kwa werevu mwingi, wala hawakuafikiana. Lakini mjadala wote ulikwenda ndani ya ua uliokwisha kujengwa, na waliokuwa nje ya ua hawakuwa sehemu ya swali.

Sasa tumtazame huyo aliyekuwa nje. Kufikia mwaka 1962 Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga mwaka 1909, alikuwa amekwisha kuchapisha mashairi, insha na hadithi, zikiwamo *Kusadikika* (1951), *Adili na Nduguze* (1952) na *Wasifu wa Siti binti Saad* (1958). *Kusadikika* peke yake ingalitosha kuupa mkutano kazi ya siku nzima. Ni hadithi ya nchi iliyo angani, ambamo mtu mmoja, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kueleza safari za wajumbe waliotumwa wakaleta habari za manufaa wakatiwa gerezani. Ilichapwa chini ya utawala wa kikoloni, na mabwana wa wakati huo ama hawakuielewa ama walijifanya hawakuielewa. Mwandishi aliyeikosoa serikali mbele ya macho yake, kwa lugha ambayo maafisa wake walijigamba kuijua, alikuwa na la kuwaambia Nkosi na Modisane, ambao vitabu na makala vilikuwa vimewatoa makwao.

Na hakuwa mbali. Hapa ndipo hoja ya usahaulifu inapoanguka. Ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, ilikuwa na makao yake Makerere kwa muda wa miaka 10, tangu 1952 hadi 1962, ndipo ikahamia Mombasa. Katika kipindi hicho jarida lake lilitoa, pamoja na mengineyo, maandishi ya *Maisha ya Hamed bin Muhammed*, yaani Tippu Tip, na *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe wa Kamati hiyo. Kwa hiyo kilima kile kile kilikuwa na nyumba mbili: katika moja fasihi ya Kiswahili ilihaririwa na kuchapwa mwaka baada ya mwaka, na katika ya pili watu waliulizana kama fasihi ya Kiafrika ipo.

Zaidi ya hayo, mmoja wa wajumbe mashuhuri kabisa alikuwa amekwisha kuonana naye. Katika mhadhara wake wa 1964 kuhusu mwandishi wa Kiafrika na lugha ya Kiingereza, Achebe anasimulia jinsi alivyokutana na Shaaban Robert alipokuwa akisafiri Tanganyika. Walizungumza juu ya uandishi, lakini Achebe anakiri kwamba hawakufikiana kwa kweli. Alijua kwamba mbele yake yupo mwandishi mkubwa. Ukubwa huo ulikuwa wa namna gani hakuweza kujua. Akapewa vitabu viwili vya mashairi, akavitunza kama hazina, asiweze kuvisoma. Achebe alikitumia kisa hiki kuonyesha kwamba Kiingereza, pamoja na aibu ya asili yake kwetu, kiliwawezesha Waafrika wa nchi mbalimbali kusomana. Sisi twakisoma kinyume. Kisa kinaonyesha kwamba mwaka 1962 Shaaban Robert alijulikana, aliheshimiwa, na hakusomwa.

Kilichopotea kilikuwa kikubwa kuliko heshima ya kuketi mezani. Ngugi alimpa Achebe mswada wake ausome wakati wa mkutano huo. Kitabu hicho, *Weep Not, Child*, kilitoka mwaka 1964 katika mfululizo wa waandishi wa Kiafrika ambao Heinemann waliuanzisha mwaka ule ule wa 1962. Vitabu vya mfululizo huo viliingia mashuleni na vyuoni, Afrika na ng'ambo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha ng'ambo, kozi ya fasihi ya Afrika ilianza na majina ya Makerere, na mwalimu, mtu mwema na msomaji hodari, alidhani *Kusadikika* ni tafsiri.

Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Yamkini hata kama angalialikwa asingaliweza kusafiri. Lakini hoja ya mwaliko si hoja ya safari.

Aliyeanza kulalamika hadharani ni Obi Wali, ambaye mwaka 1963 aliandika katika *Transition*, jarida la Rajat Neogy la Kampala, kwamba fasihi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea mahali pasipo na njia. Alijibiwa kwa ukali, Mphahlele akiwa mmoja wa waliojibu. Ngũgĩ alilirudia suala hilo katika *Decolonising the Mind* (1986), akieleza kwamba yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tu zilizochapishwa, alistahili kualikwa, ilhali Shaaban Robert na Fagunwa hawakustahili. Ukweli wa maneno hayo haupingiki, na tangu hapo yamenukuliwa katika kila kikao cha waandishi. Hata hivyo tuna neno juu yake. Ngũgĩ, aliyefariki mwezi wa Mei 2025, anamtaja Shaaban Robert kama shahidi wa kosa la wengine. Hasemi lolote la maana juu ya kazi zake. Wafuasi wake wamefanya vivyo hivyo. Mtu ambaye mwaka 1962 alikuwa jina tukufu lisilosomwa amebaki, katika mijadala ya Kiingereza kuhusu lugha za Kiafrika, jina tukufu lisilosomwa.

Hali kadhalika maazimio. Mwaka 1975, huko Accra, umoja wa waandishi ambao Soyinka alikuwa katibu wake ulipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya bara zima. Januari 2000 waandishi na wataalamu walikutana Asmara, wakatoa azimio la vipengele kumi linalotaka lugha za Kiafrika zibebe dhima yake. Tuliyapokea kwa furaha, na tulikuwa na haki. Lakini ni wangapi kati ya waliotia sahihi waliofungua diwani moja ya Kiswahili?

Wala isidhaniwe kwamba watunzi wa Kiswahili walikuwa wakingoja kuitwa ndipo wazungumze. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, mashairi ya Mvita yalikuwa ya kusemezana na kujibizana. *Mambo Leo*, gazeti lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za mashairi ambamo watunzi wa miji mbalimbali walitupiana mafumbo na kusahihishana vina, mtu wa Tanga akijibiwa na mtu wa bara asiyepata kumwona. Amri Abedi alipotoa sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954 alikuwa akiongea na watu waliokwisha kuwa na msimamo. Huo nao ulikuwa mkutano wa waandishi, ingawa haukuwa na ukumbi wala posho.

Kamati ikaenda Mombasa, na mwaka 1964 ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili katika Dar es Salaam. Mwongo uliofuata ulipoleta ugomvi mkali wa ushairi huru, baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi (1974), watu waliandikiana kwa miaka mingi kama shairi lisilo na vina ni shairi. Matusi hayakukosekana. Waliogombana walikuwa wamesomana, shairi kwa shairi.