Besi Ndiyo Ilianza Fazi, Halafu Ikasahaulika

Kila msee wa besi ninayemjua kati ya Meru na Embu ameniuliza swali moja: ninunue pedali gani ya distoshoni? Na karibu wote tayari wameazima ile ya rafiki wa gita la solo, wakakanyaga, na besi ikapotea kabisa. Mbona inapotea? Jibu liko kwa historia.

Nashville, Marekani. Grady Martin anapiga besi ya nyuzi sita kwa wimbo wa Marty Robbins, Don't Worry. Mtambo wa studio una hitilafu, solo inatoka ikikwaruza kama nyuki wamefungiwa ndani ya debe. Badala ya kuitupa, wakaiacha. Wimbo ukatoka 1961 ukavuma, na fundi wa sauti, Glenn Snoddy, akaunda kifaa cha kuiga ule uharibifu. Gibson wakaanza kukiuza 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Wakatoa hadi besi, EB-0F, yenye fazi ndani ya mwili wake. Kwa hivyo mtu wa solo akikuambia fazi ni kitu yake, mwambie atulie.

Lakini 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia kwa Satisfaction, na baada ya hapo kila kampuni ikawaza gita tu. Mwaka huo huo Paul McCartney alifanya kitu ambacho kwangu ni kikubwa zaidi: kwa wimbo wa Think for Yourself, Beatles walirekodi besi mbili, moja safi na moja ya fazi, zikicheza pamoja.

Kwa nini mbili? Uzi mnene wa besi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, wa gita 82. Distoshoni inakata vilele vya wimbi na kuzalisha sauti nyingi za juu, zile za kukwaruza. Juu ya hiyo, pedali nyingi za gita zinapunguza sauti za chini makusudi ndiyo gita lisivurugike. Tube Screamer ya Ibanez inaanza kuzipunguza karibu na 720. Sasa wewe na 41 yako unatafuta nini humo?

Ilichukua miaka mingi kampuni zirudi kwa ujanja wa McCartney. SansAmp Bass Driver ya Tech 21 ilikuja 1992 na nobu ya kuchanganya safi na chafu. Boss wakaleta ODB-3 mwaka wa 1994, nayo inachanganya, ingawa mimi naiona kali sana kama kisu kwa sahani. Big Muff ni ya 1969, tamu na nene, lakini ukiwa na bendi nzima inakumeza. Tafuta ile ya besi, iko na swichi ya kurudisha sauti safi. Darkglass kutoka Finland ni noma, ila bei yake ni ya ng'ombe.

Huku kwetu nasimama na SansAmp, na sababu si sifa. Makanisa mengi hayana amplifaya ya besi. Unachomeka moja kwa moja kwa mikisa, na fazi ya kawaida ikipitia hapo bila spika ya besi inageuka kuwa kelele za kukaanga chapati. SansAmp imeundwa kuingia kwa mikisa, inaiga amplifaya na spika yake.

Na kwa benga, ya Kimeru ama ya Kiembu, besi haijifichi nyuma. Inaongea, inakatakata, watu wa Makutano wanacheza wakiifuata. Ukipoteza ule mshindo wa chini, mtu wa kinanda anangoja tu mkono wake wa kushoto uchukue kazi yako. Nimeona ikifanyika, na msee hakurudishwa.

Huna doo? Gawanya sauti ya besi iingie chaneli mbili za mikisa. Moja iende safi. Nyingine ipitie ile pedali ya rafiki, ukiwa umepunguza sauti za chini kwa hiyo chaneli. Pandisha ile chafu polepole hadi uisikie, halafu irudishe chini kidogo.