Kodi Juu ya Nauli: Kutoka Mkataba wa 1833 hadi Kifurushi cha Mahege

Wanafunzi wangu hudhani kwamba suala la kutoza kodi gharama za usafirishaji limezaliwa na ununuzi wa mtandaoni. Katika pwani hii ni suala la kale. Tarehe 21 Septemba 1833, Seyyid Said bin Sultan na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walifunga mkataba uliowawekea wafanyabiashara wa Kimarekani ushuru wa asilimia 5 ya shehena iliyoteremshwa. Malipo hayo yalihesabiwa kuwa kamili: ada za nanga, urubani na leseni ya biashara hazikudaiwa tena. Mfanyabiashara yule alikuwa na dola ya kumsemea.

Mnunuzi wa leo hana mjumbe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 hujumlisha bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli hadi bandari ya kuingilia, kisha hutoza ushuru. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyorithi nafasi ya kodi ya mauzo mwaka 1998, hutozwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Mahege, Kibiti, anayeagiza kwa meli bidhaa ya shilingi 100,000, nauli na bima zikiwa 40,000. Kwa ushuru wa asilimia 25 na kodi ya asilimia 18, atalipa 66,500, ukiacha tozo nyingine. Nauli na bima zisingehesabiwa, angelipa 47,500. Tofauti ya 19,000 ni karibu nusu ya nauli na bima. Baada ya hapo bado kuna gari la kutoka Dar es Salaam, na kwa jirani zake wa visiwa vya delta, mtumbwi.

Serikali ina hoja: nauli ikisamehewa, wauzaji wajanja wataficha bei ndani yake. Hata hivyo Marekani hutoza ushuru wa forodha bila kuhesabu nauli ya kimataifa, na forodha yake haijafungwa. Hoja ya udanganyifu hujibiwa kwa ukaguzi.

Delta ya Rufiji ilipeleka boriti za mikoko Zanzibar na Arabuni kwa majahazi. Watu wake wanajua nauli ni nini. Wasichokijua ni kiasi gani cha kodi yao kinatokana na umbali. Hatua ya kwanza ni stakabadhi inayotenganisha kodi ya bidhaa na kodi ya safari. Raia hawezi kujadili mzigo asioonyeshwa.