Adapta ya lenzi 35 mm

Adapta ya lenzi 35 mm ni kifaa kinachofungwa mbele ya kamera ndogo ya video ili iweze kutumia lenzi za picha mnato, kama zile za Nikon au Canon. Ilivuma miaka ya 2000 miongoni mwa watengenezaji filamu wenye bajeti ndogo.

Tatizo la kamera hizo ndogo lilianzia kwenye sensa. Kamera ya video ya Panasonic DVX100 ya mwaka 2002 ilikuwa na sensa za theluthi ya inchi, hivyo vitu vya mbele na vya nyuma vilionekana vyote kwa ukali. Fremu ya picha mnato ya 35 mm ni kubwa zaidi, milimita 36 kwa 24. Humtenga mhusika na mandhari iliyofifia nyuma yake.

Ndani ya adapta, lenzi huangusha taswira kwenye kioo cha ukungu, na kamera hurekodi kioo hicho. Kikitulia, chembe zake huonekana kama vumbi lililoganda juu ya picha. Baadhi ya adapta zilikitikisa kwa mota, nyingine zikakizungusha. Mwanga ulipungua, na taswira ikatokea kichwa chini miguu juu. Wengi waliigeuza wakati wa kuhariri.

Mwaka 2008 Canon ilitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha yenye sensa kubwa inayorekodi video pia. Soko la adapta likaporomoka.