Neno la siri halitoshi: historia ya ufunguo wa msimamizi wa kompyuta

Lulimba, Fizi – Katika njia ya Lulimba, Misisi na Lubichako, majina ya familia zilizokimbia vita huandikwa kwanza kwenye karatasi, kisha huingizwa katika kompyuta: jina la baba, la mama, idadi ya watoto, kijiji walikotoka. Wengi wanaamini majina hayo yako salama kwa sababu mashine inaomba neno la siri. Historia inaonyesha kwamba ulinzi huo una tundu.

Mwaka 1961, chuo cha MIT huko Marekani kilionyesha CTSS, mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja. Baadaye kila mtumiaji alipewa neno la siri na muda wake wa kazi. Mwaka 1962, mtafiti Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi, aliiagiza mashine kwa kadi yenye matundu imchapishie faili la maneno ya siri ya watu wote. Mashine ikachapisha. Hakuvunja mlango, alipita pembeni.

Mfumo wa Unix, ulioanza mwaka 1969 katika maabara za Bell, uliweka wazi tofauti ya madaraka. Mtumiaji wa kawaida anagusa mafaili yake tu. Msimamizi, anayeitwa «root», anagusa yote. Lakini Windows XP ilipotoka mwaka 2001, watu wengi nyumbani walifanya kazi zote wakiwa wasimamizi, na virusi iliyoingia kwa flashi ilipata madaraka yaleyale. Windows Vista ya mwaka 2007 ndiyo iliyoanza kumuuliza mtumiaji kabla ya kubadilisha mambo makubwa.

Tundu lingine lilibaki. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo mzima unaowaka kutoka kwenye CD bila kugusa diski ya ndani. Microsoft nayo ikatoa Windows PE kwa mafundi. Leo yote hayo yanaingia katika flashi moja, na fundi huokoa nayo mashine iliyokataa kuwaka.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kuandaa flashi hiyo kwa kawaida kunadai haki za msimamizi, kwa sababu programu inaandika moja kwa moja juu ya diski. Mtumiaji wa kawaida atakataliwa. Lakini flashi ikishakuwa tayari na kuchomekwa katika mashine nyingine, Windows ya ndani inabaki imelala. Mlinzi aliyelala haombi neno la siri. Aliyeshika flashi anakuwa msimamizi, na mafaili yote yanaweza kusomwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani ameshika mashine. Wakongomani wanalijua swali hilo. Tarehe 5 Januari 2024, CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa uchaguzi wa Desemba 2023, na kati ya makosa iliyotaja ni kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Hilo halikuwa jambo la flashi, lakini funzo ni lilelile: kifaa kikitoka katika mikono inayostahili, imani inatoka pamoja nacho.

Dawa ipo. Kazi ya kila siku ifanywe kwa akaunti ya kawaida, si ya msimamizi. Mashine iwekewe neno la siri kabla ya mfumo kuwaka, na izuiwe kuwaka kwa flashi. Zaidi ya yote, diski nzima ifungwe kwa maandishi ya siri, ili anayeiba mashine aone alama zisizosomeka, na ufunguo wa kuifungua uhifadhiwe mbali na mashine yenyewe. Usiku, mashine izimwe na kufungiwa kabatini.

Familia iliyotoa jina lake ili ipate unga na hema haikutoa ruhusa jina hilo lifike kwa wale iliowakimbia.