Mwezi Ndio Uliokuwa Ukifunga Mwamba

Bibi yangu alichokoa pweza kwenye miamba ya Jambiani, mashariki ya Unguja, tangu yu kigori mpaka magoti yalipomkatalia. Vyombo vyake ni viwili tu: mchokoo wa mti na kamba ya makumbi ya kutungia. Alikwenda kwa miguu maji yakipwa, akarudi kabla hayajamfika kiunoni.

Nilimfuata mara nyingi utotoni. Pale nilipoona mawe, yeye aliona nyumba. Alinionyesha tundu lililozibwa kwa vijiwe, magamba ya kaa yametupwa nje kama taka za mlangoni. "Huyu kala jana, yumo." Akaingiza mchokoo taratibu, akangoja mikono iuzonge mti, kisha akavuta. Siku moja alichungulia tundu, akauchomoa mti, akaniita nitazame. Darini yalining'inia mayai, madogo kuliko punje za mchele, vishada kwa vishada. "Anaatamia, mwanangu. Nyama yake maji matupu." Pweza jike akishataga hali kitu, huyalinda mayai na kuyapepea mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Bibi alijali chungu chake siku ile, na mayai yakasalimika.

Nilishakuwa mtu mzima nilipofahamu ni nani aliyekuwa mlinzi wa mwamba ule. Ni mwezi. Mwamba hukauka vizuri wakati wa bamvua tu, siku chache mwezi ukiandama na nyingine chache ukiwa mpevu. Yakiingia maji mafu, mwanamke wa miguu hubaki nyumbani akasuka ukili. Kwa hiyo kila mwezi mwamba ulifungwa mara mbili, pasi na sheha, kamati wala faini. Na pweza hukua upesi mno: umri wake wote ni kama mwaka mmoja. Wiki moja ya kuachwa kwake ni kipande kikubwa cha maisha.

Kufuli hilo limevunjika mbele ya macho yangu. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, wanawake wengi wakahamia huko. Yakaja mahoteli, wakaja wanunuzi wa kupeleka ng'ambo, bei ikapanda. Kitoweo cha kina mama kikawa fedha, na wanaume wakaingia kwa miwani, mapezi na vyuma. Mwenye miwani hangoji bamvua. Huzamia hata maji mafu, tena hufika kwenye kina ambako pweza wakubwa walijificha mbali na bibi zetu.

Mwezi uliposhindwa, watu wakalazimika kufunga wenyewe. Novemba 2004, Wavezo wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini, waliufunga mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi saba. Walipoufungua walikuta pweza wazito. Vijiji jirani vikafuata, vikaweka sheria zao za kienyeji, dina. Baadaye watafiti walipitia mafungo 36 ya kati ya 2004 na 2011: mavuno ya mwezi wa kwanza baada ya kufungua yaliongezeka zaidi ya mara saba, na alichovua mvuvi mmoja kwa siku kikakaribia maradufu. Huku kwetu, Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nao wamefunga miamba yao kwa zamu.

Naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, ila nina neno. Mwamba ukifungwa, mwenye ngalawa hwenda kutafuta kwingine. Mwenye mchokoo hana kwingine. Ukifunguliwa katika maji mafu, wazamiaji huvuna kwanza, na mwanamke hukuta matundu matupu. Yeye ndiye aliyefunga mkaja miezi yote, na yeye ndiye anayerudi na kamba tupu.

Basi kamati zinapokaa kupanga siku ya kufungua, zimuulize kwanza mama wa miguu. Zifungue siku ya bamvua, na mwamba wa maji mafupi waachiwe wachokoaji. Mchokoo wa bibi bado nimeuchomeka kwenye makuti ya jiko langu, ncha yake imelika kwa mawe. Wenye mti kama ule ndio waliozoea kufunga na kufungua kwa kuufuata mwezi, na kalenda yao bado inasomeka angani kila usiku.