Kadi ya Michoro

Kadi ya michoro ni ubao unaochomekwa kwenye ubao mama wa kompyuta ili kukokotoa kila kinachoonekana kwenye skrini. Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo ambako masomo hutolewa kwa Kifaransa, mafundi huiita carte graphique. Tanzania na Kenya husikika pia kadi ya grafiki. Majina yote matatu yanataja kitu kimoja, ila “michoro” ndilo linaloeleza kazi yenyewe. Picha iliyopigwa hutolewa kwenye hifadhi ikaonyeshwa jinsi ilivyo, lakini uwanja wa mpira ndani ya mchezo huchorwa upya kila mchezaji anapogeuza shingo. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Mchezo ukienda kwa fremu 60 kwa sekunde, nukta zaidi ya milioni 124 hupakwa rangi ndani ya sekunde hiyo moja.

Kadi isichanganywe na prosesa ya michoro. Prosesa ni chipu iliyo katikati ya kadi. Kampuni ya NVIDIA ndiyo iliyoeneza jina hilo, kwa Kiingereza GPU, mwaka 1999 ilipouza prosesa ya GeForce 256. Kuizunguka prosesa hiyo kuna kumbukumbu ya kadi, saketi za umeme, feni na matundu ya kuunganisha skrini. Prosesa kuu ya kompyuta ina viini vichache vyenye nguvu, ilhali ya michoro ina vingi vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja: GTX 1650, ambayo ni kadi ya kawaida tu, ina viini 896. Kompyuta nyingi za ofisini hazina kadi kabisa. Michoro yao hufanywa na sehemu iliyomo ndani ya prosesa kuu, nayo huazima kumbukumbu ya kompyuta. Hiyo inatosha kwa maandishi, filamu na mchezo wa GTA San Andreas.

Kwa mwenye fedha kidogo mjini Uvira, uchaguzi hauanzi na kadi, unaanza na mashine itakayoibeba. Mashine ya bei nafuu kwa kawaida ni ya ofisini iliyokwisha kutumika Ulaya au kwingineko, kama Dell OptiPlex 9020 ya mwaka 2013. Kisanduku chake cha umeme hutoa wati 290 kwa umbo kubwa na 255 kwa umbo dogo, na plagi yake ya ubao mama si ya kawaida, kwa hiyo kuweka kisanduku chenye nguvu zaidi kunahitaji waya wa kugeuzia. Tundu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 tu. Inayozidi hapo hudai waya wa ziada kutoka kisanduku cha umeme, na mashine hizi mara nyingi hazina waya huo. Hapo ndipo kadi ya RX 580 inaposhindwa. Ni kadi nzuri, ina kumbukumbu ya hadi GB 8, na baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji kwa kadi Septemba 2022 nyingi zilimwagwa sokoni. Lakini hula wati 185. Umbo dogo nalo halipokei kadi ndefu wala pana, linataka kadi fupi ya nusu kimo.

Suala la umeme haliishii ndani ya kasha. Mto Ruzizi, unaopita karibu na Uvira, una mabwawa mawili makubwa, Ruzizi I na Ruzizi II, na la pili linahudumia Kongo, Burundi na Rwanda kwa ushirika. Hata hivyo umeme hukatika, na anayecheza jioni hutegemea betri na inveta. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ikitumiwa hadi nusu hutoa takriban wati-saa 500 baada ya hasara ya inveta. Kompyuta yenye kadi ya wati 75, ikila wati 180 kwa jumla, itacheza karibu saa tatu. Yenye RX 580, ikila 300, haifiki saa mbili. Joto la ufuko wa Ziwa Tanganyika, ulipo mji wa Uvira, huongeza mzigo kwa feni, na vumbi la kiangazi huziba mapezi ya kupozea.

Jina pekee la kadi halitoshi kuwa ushahidi. GT 1030 iliuzwa kwa aina mbili: yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 hupitisha 16.8 tu, na maboksi yanafanana. GTX 1060 ya GB 3 ina viini 1152, ya GB 6 ina 1280. Wapo pia wanaoandika upya programu ya kadi kongwe ili ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti; GPU-Z, programu isiyolipiwa, huweza kuifichua. RX 6400 hula wati 53 na inavutia kwa hilo, lakini ina njia nne tu za data, hivyo hupungua kasi kwenye mashine ya zamani. Arc A380 ya Intel haifai kwa OptiPlex hiyo, maana inahitaji huduma ya ubao mama ambayo mashine za umri huo hazina.

Kwa michezo mingi, GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada ndiyo chaguo bora kwa mashine ya ofisini. Toleo lenye tundu hilo lipo pia na linapaswa kuepukwa. Mwenye uwezo zaidi atafute RTX 3050 ya GB 6, yenye wati 70. GTX 1050 Ti inabaki nafuu, ila NVIDIA ilikoma kuitolea programu endeshi mpya za michezo Oktoba 2025. Kadi iliyotumika isilipiwe kabla ya kuchomekwa dukani, kukaguliwa kwa GPU-Z na kuchezeshwa mchezo mzito kwa robo saa.