Ngui wa Kivaa

Msomaji, mtu akikuuliza historia ya mahali ulipozaliwa, utaitafuta wapi? Bila shaka utafungua kitabu, na utafanya vyema. Lakini viko vijiji vingi ambavyo vitabu vimevipita kama msafiri apitavyo usiku, asione ila kivuli cha mlima. Kivaa ni kimoja katika vijiji hivyo. Kiko Masinga, katika Machakos, karibu na mto Tana, katika nchi ya jua kali na mvua haba. Katika vitabu vya historia ya Kenya jina lake hulikuti ila kwa nadra. Je, tuseme basi kwamba watu wa Kivaa hawana historia? Hasha! Historia wanayo, ila sehemu yake kubwa haikuandikwa kwa kalamu. Iliimbwa.

Kwa Kikamba wimbo huitwa wathi, na mtu autungaye na kuuongoza katika ngoma huitwa ngui. Usidhani kuwa ngui alikuwa mtu mwenye sauti nzuri tu. Sauti nzuri wengi walikuwa nayo. Ngui alikuwa na jambo la kusema, na maneno ya kulisemea. Hakulipwa mshahara, aliishi kama jirani zake, kwa jembe na mifugo. Wimbo aliutunga akichunga au akipalilia, akaurudiarudia moyoni mpaka ukakaa sawa, kisha akawafundisha wenzake kiitikio. Siku ya ngoma ilipowadia, aliupeleka uwanjani kama mkulima apelekavyo mazao sokoni. Ukipendwa, wasikilizaji waliubeba hadi vilima vya mbali. Usipopendwa, ulikufa siku ile ile, na hapakuwa na mahali pa kukata rufani.

Ziko nyimbo za Akamba ziitwazo myali, ambazo kazi yake ni kumwonya mtu aliyepotoka. Mvivu, mchoyo, mwenye kiburi na mkubwa mwenye kuonea watu, wote waliweza kujikuta wamo ndani ya wimbo. Fikiri jinsi adhabu hiyo ilivyokuwa nzito. Faini hulipwa ikaisha, lakini wimbo hukufuata kisimani, hukufuata sokoni, na watoto huuimba bila kujua kwamba wewe unasikia. Kwa sababu hiyo ngui alijizuia asiseme uongo. Waliomsikiliza waliwajua watu aliowataja, waliijua nyumba na waliijua siku. Neno moja la uzushi lingetosha kumfanya yeye mwenyewe kuwa kichekesho. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ngui alikuwa mwandishi wa habari ambaye wasomaji wake wote walikuwa mashahidi.

Mgeni mmoja aliuona uzito wa kazi hii mapema. Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Swideni, alikaa Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912. Aliandika kitabu kikubwa juu ya maisha ya Akamba, na mwaka 1934 akatoa kitabu kingine cha vitendawili, methali na nyimbo zao. Wazee waliomwimbia wote wamekwisha kufa. Lakini maneno yale yapo hata leo, kwa sababu mtu alikaa chini akayaandika. Likumbuke jambo hili, kwani nitalirudia.

Maisha ya ngui hayakukosa misukosuko. Mwaka 1895 wamisionari wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza Nzaui, huko huko Ukambani. Walileta kusoma na kuandika, na kwa hayo wastahili shukrani. Lakini ngoma waliiona kuwa kazi ya giza, na wafuasi wao walitakiwa kuiacha. Hivyo kijana mwenye kipawa cha kutunga alijikuta katika njia panda: uwanja wa ngoma huku, darasa na kanisa kule. Wako walioacha kuimba kabisa, na wako waliotia kipawa chao katika nyimbo za ibada. Na wengine walikaa nje ya ua wa misheni wakaendelea kama baba zao.

Ukafika mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilisema kwamba ng'ombe wa Machakos wamezidi na wanaharibu ardhi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa nguvu. Akamba kwa maelfu, wanaume kwa wanawake, waliondoka wakaenda Nairobi kupeleka malalamiko yao kwa Gavana. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu, mbali sana na kwao. Mwishowe serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Haya utayasoma katika vitabu, na nyaraka za serikali zitakupa hesabu ya mifugo. Lakini nyaraka hazikuambii mama mwenye boma alisema nini siku ile alipoamka akalikuta tupu. Hesabu ya ng'ombe ni kazi ya karani. Kilio cha mwenye ng'ombe ni kazi ya ngui, na usipokuwa na vyote viwili, huna historia kamili ya mwaka ule.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari Akamba walirudi kutoka Uhabeshi na Burma, nao walikuwa wameona mengi na kusikia mengi. Katika miaka iliyofuata gitaa lilienea vijijini, na pia santuri na redio. Katika miaka ya 1970 bendi za Akamba zilijaa nguvu mpya kwa mtindo wa benga. Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers waliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, wakasikika nchi nzima. Alifariki mwaka 1987, naye alikuwa bado kijana. Ukizisikiliza santuri za bendi hizi, utaona jambo la kupendeza. Mwimbaji hutaja majina: la mpiga gitaa, la rafiki, la kijiji, na aghalabu lake mwenyewe. Wengine hudhani ni majivuno. Mimi naona ni sahihi ya mtunzi, iliyowekwa mahali ambapo mwizi hawezi kuifuta kwa urahisi.

Turudi sasa Kivaa. Mwaka 1981 bwawa la Masinga lilikamilika, na maji ya Tana yakatanda mahali palipokuwa nchi kavu. Maji hayo yaliongeza nguvu ya mitambo ya umeme iliyo chini yake katika mto huo huo. Msomaji, je, hili si jambo la kuimbwa? Mkulima asimama kando ya maji mengi kuliko aliyowahi kuyaota, na shamba lake lingali linangojea mvua. Mwimbaji wa huko hana haja ya kwenda mbali kutafuta maneno. Hata leo huimba arusini, mazishini na katika mikutano ya harambee. Mchana hulima au hufanya biashara ndogo, usiku hutunga. Zamani wimbo ulisafiri kwa miguu ya wachezaji, na sasa husafiri kwa simu, ukafika Mombasa kabla mwenyewe hajafika dukani. Jambo hili ni neema, lakini lina hatari yake: wimbo hukimbia, na jina la mtunzi huachwa nyuma.

Hatari hiyo naijua kwa kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kufundisha, niliwatayarisha wanafunzi kwa mashindano ya nyimbo. Wimbo tulioimba niliupata kwa mwanafunzi mmoja, naye aliupata kwa nyanya yake. Katika karatasi ya waamuzi palikuwa na mahali pa jina la mtunzi, nami nikaandika, "Wimbo wa kienyeji." Baadaye bibi yule alinijia, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, aliyeutunga wimbo huu nilimjua. Mbona umemwandika kama hakuzaliwa?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeiba kwa kukusudia. Nilikuwa sikuuliza tu. Lakini kwa marehemu yule, kuna tofauti gani?

Kama hili lawezekana kwa wimbo wa kijijini, usishangae kuwa lawezekana kwa wimbo wa dunia. "Malaika" ni wimbo uliovuka bahari; Miriam Makeba aliuimba, na wengine wengi baada yake. Wengi huutaja kuwa wa Fadhili William, aliyeurekodi mapema. Lakini Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga yeye. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi haujakwisha. Hivi sasa sheria ya hakimiliki ya Kenya, iliyotungwa mwaka 2001, humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ni sheria njema. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hakuna ajuaye jina lake.

Basi kazi hii ni yako, kijana msomaji. Hukuombwa uwe mwimbaji. Kipawa hicho hakigawiwi wote. Uliloombwa ni dogo, na laweza kufanywa kwa kalamu na daftari. Ukisikia wimbo wa kwenu, uliza mambo manne: ni nani aliyeutunga, aliutunga wapi, mwaka gani, na kwa sababu gani. Yaandike majibu kabla hujalala. Aliyekupa majibu msomee uliyoyaandika, ili asahihishe ulipokosea. Lindblom alifanya kazi hiyo akiwa mgeni, tena mwenye kujifunza lugha. Wewe lugha ni yako, na wazee ni jirani zako.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nyimbo za Kivaa ni mali. Daftari unayo.